Ate Leonila, Sauti Iliyogeuza Meli

Tarehe 30 Aprili, Bi. Leonila Dandal anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kuzungumza na meli. Hapa kituo cha redio ya meli cha Puerto Princesa, Ufilipino, hakuna anayemwita Bi. Leonila. Ni Ate, dada mkubwa, hata kwa wakuu waliomzidi umri. Akikuita "mtoto", ujue umeharibu kitu.

Kazi yake ilikuwa kufuatilia meli kubwa zinazokatiza Bahari ya Sulu, na kuiambia kila inayosogelea Miamba ya Lumbayan igeuke. Meli ya mafuta ikipanda mwamba pale, matumbawe yanasagika, kasa wanakosa pa kwenda, na wavuvi wanabaki na nyavu tupu. Ate hakuhitaji semina kulijua hilo; kaka zake wote ni wavuvi.

Kanuni inataka meli iitwe kwa Kiingereza, kwa maneno yaliyopangwa. Ate aliyatamka vizuri tu. Lakini meli ikikaa kimya, aliongeza ya kwake kwa Kitagalogi: "Kuna ndugu yangu yeyote humo? Umeshakula?" Alijua kwamba ni nadra meli kukosa Mfilipino, na Mfilipino akiulizwa kama amekula hawezi kunyamaza.

Mkuu wetu wa wakati ule, Kapteni Fortunato Abrea, alikuja juu. "Ate, hii ni chaneli ya dharura, si jikoni kwa mama yako! Nikisikia tena, utahamia mapokezi ukajibu simu." Ate akasema, "Sawa, Kapteni," na kwa miezi kadhaa alijizuia kwelikweli, ingawa ilimuuma.

Ikaja ile asubuhi ya Desemba. Meli ya mafuta ilikuwa inakwenda moja kwa moja kwenye miamba. Ate aliita kwa Kiingereza, akaita tena. Kimya. Kapteni alikuwa nyuma yake, jasho linamtoka. Ate hakugeuka kuomba ruhusa.

"Ndugu yangu uliye humo, umeshakula?"

Redio ikakoroma. "Bado, Ate. Mimi mpishi, ndiyo kwanza naleta kahawa huku kwenye usukani."

"Afisa wa zamu yuko wapi?"

"Kalala kwenye kiti."

"Basi mmwagie hiyo kahawa! Mnapanda mwamba!"

Meli iligeuka ikiwa imebaki kidogo mno. Kapteni Abrea alikaa chini sakafuni, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na tangu siku hiyo ni yeye aliyewafundisha wageni wa kazi lile swali la jikoni. Nami, ninayekaa meza ya pili, alinifundisha hivyo hivyo.

Ate, asante. Asante kwa tambi za maisha marefu ulizotupikia kila siku ya kuzaliwa, kwa kutushikia zamu watoto wetu walipougua, hata kwa karaoke zako, ambazo Mungu atatusaidia kuzisahau.

Wengi hawajui kwamba Ate hajawahi kuiona Lumbayan. Boti humtapisha hata ikiwa imefungwa gatini, kwa hiyo miaka yote hii ameilinda ikiwa alama tu kwenye skrini. Jumamosi walinzi wa miamba wanampeleka. Bahari imetulia, na ndoo tumeshamnunulia.

Tunakuombea pumziko jema na afya tele, Ate wetu. Nenda ukaitazame. Ipo, yote.