Barua ya Marafiki wa Chuo

Fungeni mlango, wanangu, lakini kwanza mwambieni aliyejibanza nje ya dirisha aingie ndani, maana kivuli chake nakiona ukutani na sitaki maneno yangu yatoke humu vipande vipande. Ni wewe, shemeji? Kaa mkekani. Zamda, binti yangu, hiyo dawa onja wewe kwanza halafu unipe, na usinikasirikie. Nimeishi na watu namna hii miaka sabini, na leo mtasikia nilichokipata kwa kuishi hivyo.

Mimi Mabruki bin Feruzi, mfanyabiashara wa nta na asali hapa Gongoni, mjini Tabora, akili zangu ni timamu, na Sheikh yupo ashuhudie. Nyumba hii na shamba zigawanywe kama dini inavyoamuru: mama yenu Mwanamkuu fungu lake, Shaban lake, Zamda lake. Neno langu liko kwenye ile theluthi ambayo mwenye kufa ameruhusiwa kuitoa atakako. Naona mnatazamana. Ndiyo, nimekwisha kuitoa, na sababu yake anaijua huyu mgeni aliyekaa karibu na mlango, ambaye tangu asubuhi mnamwangalia kwa pembe ya jicho bila kumuuliza kilichomleta. Nimemwita mimi.

Zamda, wewe ulikuwa mdogo. Huyu ni Wenceslaus Luhende, mkulima wa Puge, aliyepata kuwa katekista. Vita vya Hitla vilipokwisha, mimi na yeye na watu wengine kama kumi na tano, Waislamu wa mjini na Wakristo wa vijijini, tuliunda chama tukakiita Marafiki wa Chuo. Chuo chenyewe ni Makerere, kule Uganda, mwendo wa treni mpaka Mwanza na meli ya ziwani, na vijana wetu waliofaulu walikuwa wakibaki nyumbani kwa kukosa wa kuwasafirisha na kuwasomesha. Tukasema tutawasomesha sisi. Mimi nilitoa nta, Wenceslaus karanga na mpunga, wanawake walishona mashuka. Likizo zilipofika, wanafunzi na walimu wa chuo walikuja kututembelea, Mkristo akalala kwa Mwislamu na Mwislamu kwa Mkristo, na mama yenu aliwapikia ugali kwa maziwa mgando mpaka wengine wakaondoka wakilia. Ulikuwa urafiki wa kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nao nusu.

Kwa sababu mwaka wa kwanza alikwenda kijana Mkatoliki, wa pili vilevile, nami nikaanza kuhesabu misalaba shingoni mwa watu. Wenceslaus ndiye aliyekuwa mwandishi wetu, maana Kiingereza alikijua. Alipotusomea barua za chuo na kutufasiria, nilimtazama mdomo nikiwaza, nani ajuaye kama asemalo ndilo lililoandikwa? Babu yenu Feruzi alikuwa mpagazi. Alitoka Ujiji mpaka Bagamoyo, pembe begani na barua ya tajiri kiunoni, na alipoikabidhi wakamfunga minyororo, kwani barua aliyoibeba miezi mitatu ilisema yeye ni mwizi. Alinifundisha kuogopa karatasi kabla hajanifundisha kuswali. Sisemi hayo kujitetea. Nasema mjue nilikoanzia.

Basi mwaka wa hamsini na moja, Shaban, ulifaulu wewe, na akafaulu Bernadeta, binti wa Wenceslaus. Chama kikapeleka majina yenu yote mawili, tukangoja. Duka langu liko hatua chache kutoka posta, kwa hiyo barua za chama nilizichukua mimi, na kila Jumamosi Wenceslaus alipoleta mazao sokoni nilimpa. Bahasha ya chuo ikaja siku ya Jumatano. Niliifungua kwa mvuke wa birika, peke yangu, mlango nimeupiga komeo. Herufi za Kizungu nilizijua za kusoma majina tu. Nikaona jina la Bernadeta mstari wa tatu. Karatasi zilikuwa mbili. Ya pili sikuitazama.

Nikajiambia, nitamtega Wenceslaus. Nitaikalia nione atasema nini. Jumamosi ile akaja, akanisalimu kwa Kinyamwezi kama kawaida yake, akauliza kama barua imefika. Nikamwambia bado. Jumamosi ya pili, bado. Akauliza hivyo majuma saba, kwa upole uleule, nami kila alipouliza nilizidi kuamini kwamba ana lake analolificha, kumbe aliyekuwa akificha ni mimi.

Muda ulipopita nilisimama mkutanoni, mbele ya wote, nikasema barua imefika zamani na Wenceslaus ameizuia ili ampeleke binti yake kwa siri. Watu wakamgeukia Wenceslaus. Akanitazama sana, kisha akasema, "Barua zote nazipokea mkononi mwako, ndugu Mabruki. Ukisema imefika, basi imefika." Akachukua kofia yake akatoka. Hakuna aliyeyaelewa maneno yale isipokuwa mimi. Mwezi haukupita, chama kikafa. Bernadeta akaolewa Kaliua. Wewe Shaban ukaenda kupakia magunia stesheni, na umepitisha miaka yote hii bila kumwamkia huyu mzee, nami nikikuona nikanyamaza.

Mwaka jana nilikwenda Kaliua kununua nta. Barua ilikuwa imeshonewa ndani ya koti langu. Stesheni alikuwapo mwalimu mmoja, Ambrosi, akingoja treni ya Mpanda, mtu nisiyemjua wala asiyenijua. Nikampa asome. Akaniambia, "Mzee, chuo kimewapokea wawili, Bernadeta Luhende na Shaban Mabruki, mradi chama kijibu kabla ya mwezi kwisha." Akaniuliza kama walijibiwa. Nikasema walijibiwa. Hata pale nilidanganya.

Shaban, usinishike mkono, sikudai huruma. Simama ukitaka.

Theluthi yangu ni duka na mizinga yote ya nyuki msitu wa Isikizya. Naitoa kwa Marafiki wa Chuo, wakiunda chama upya, na wasimamizi wawe Wenceslaus na Zamda. Wa kwanza kusomeshwa awe Bernadeta, kama bado anataka na kama chuo kitampokea, kisha Shaban. Barua za chama zifunguliwe mbele ya watu wa dini zote mbili. Na wosia huu umeandikwa mara tatu: mmoja uko kwa Sheikh, wa pili kwa padri, wa tatu kwa yule mwalimu wa Kimoraviani. Ninawapenda, wanangu, lakini siwaamini, na huo ndio ugonjwa ninaokufa nao. Msiurithi.

Umesema nini, Wenceslaus? Sema kwa nguvu, masikio yamepungua.

Mmemsikia? Anasema alijua. Alijua tangu siku ile mkutanoni, na alikuwa akingoja niseme mwenyewe. Miaka saba... na mimi kila nilipomwona sokoni nilidhani anapanga kunilipizia. Anasema lake amelisamehe. La Bernadeta si lake kulisamehe. Amesema haki.

Basi, Shaban. Kuna treni ya Kigoma leo jioni. Ipande ushuke Kaliua, umwambie Bernadeta kwa mdomo wako, yote, usimpelekee karatasi. Usingoje mazishi. Watakaonizika wapo.

Niinueni kidogo... hapo, hapo panatosha. Mwanamkuu, umenivumilia, Mola akulipe kwa niliyokunyima. Zamda, Mola akupe akili na akupe watu. Wenceslaus, ndugu yangu, Mola akurudishie... akurudishie nilichokichukua, kwa njia azijuazo Yeye. Nyote, Mola awape kumsikiliza mtu mpaka mwisho wa maneno yake, kabla...

Shaban yuko wapi? Ametoka? Nimesikia viatu uani. Sijui kama anakwenda stesheni au ananikimbia mimi.

Hapana, shemeji, keti. Asifuatwe na mtu wa kumchungulia. Mwacheni... mwacheni aende.