Zamu ya Kiwanda Kilichofungwa

Kijiwe cha kahawa kinatazamana na lango la kiwanda cha viatu, na tangu kiwanda kifungwe miaka miwili iliyopita, benchi lile halijakosa makalio. Kuna Katibu, aliyekuwa katibu wa chama cha wafanyakazi humo ndani, na hadi leo akiomba sukari utadhani anahutubia. Kuna Profesa, fundi baiskeli, msomaji wa kila gazeti lililofungiwa sabuni. Na kuna Dobi, ambaye siku hiyo kahawa ilimpolea mkononi. Mkewe alikuwa ndani ya kiwanda. Aliingia asubuhi na wenzake kumi na mmoja walioachishwa kazi naye, kama walivyofanya mwezi mzima, na humo hamna mashine hata moja. Zote ziliuzwa kama chuma chakavu, mtaa mzima ukitazama.

— Hawalipwi hata senti, alisema Dobi. Nikimuuliza anafanya nini huko, ananicheka. Mtoto ana homa siku ya tatu, mama mtu anaimba. Niambieni jamani, nikamtoe au nimwache?

— Furaha ni mfumo, bwana, Katibu akakohoa. Mfumo ulimtupa nje, akili ikayumba. Mpe mshahara wa maana, matibabu, pensheni, uone kama atakanyaga tena humo.

— Acha hizo! Profesa akamdaka. Ulipokuwa na mshahara ulikuwa na furaha wewe? Mtu anataka kuamka akijua kuna mahali anahitajika. Basi.

— Kwani kuhitajika kunapikwa, kunaliwa?

— Na mshahara ulikuzuia kulia chooni? Tulikuwa tunakusikia mpaka huku nje.

Katibu alimeza funda la kahawa, kisha akarudi kwa nguvu mpya.

— Basi kuna mwekezaji wa siri. Fedha hana, analipa furaha taslimu. Ndio uchumi unaokuja huo, furaha inatoka kiwandani kama soli.

— Mwekezaji gani! Ni zile kuta. Watu mia tatu walimalizia ujana wao mle. Ulimwona nani akitoka nao? Umebaki ndani, unatafuta wa kuuvaa.

Profesa alisema kwa utani.

— Juzi nimefua ovaroli yake, Dobi akasema polepole. Ilikuwa na gundi ya viatu. Mbichi.

Saa kumi kamili lango likafunguka. Wakatoka kwa mstari, wote kumi na wawili, wakicheka kicheko kimoja cha chini chini. Mke wa Dobi akajitenga na wenzake, akavuka barabara moja kwa moja hadi kijiweni, mahali ambapo hajawahi kutia mguu. Kwapani alibana nguo iliyokunjwa.

— Shikamoo Katibu.

— Marahaba, mama.

— Mama watoto, mtoto bado anachemka, Dobi akasema.

— Najua, baba watoto. Atapoa.

Alisema kwa furaha, na Dobi akaweka kikombe chini. Mkewe akawatazama mmoja mmoja.

— Kila siku mnabishana furaha inatoka wapi. Nani kati yenu anayo?

Muuza kahawa akainua birika awamiminie walau wapate cha kufanya, halikutoka hata tone.

Mwanamke akaiweka ile nguo mapajani mwa mumewe. Ilikuwa ovaroli, saizi yake Dobi hasa. Mikunjo ya mikono ilinyooka kuliko yoyote aliyowahi kunyoosha yeye kwa miaka ishirini ya kazi. Na ilikuwa bado ya moto. Kiwandani umeme ulikatwa siku ile ile kilipofungwa.

— Nani kaipiga pasi hii? Dobi akauliza.

— Wewe jaribu tu.

Dobi alitaka kuitupa mtaroni, amshike mkewe mkono, waende kwa mtoto wao. Ndicho alichopaswa kufanya, na alijua. Akaingiza mkono mmoja, kuona tu. Joto likampanda hadi begani. Alipogundua kwamba anatabasamu aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani, lakini mkono wa pili ulikuwa umeshaingia.