Laurenti Castory Haule, Aliyeuliza Mgonjwa Amekula Nini

Laurenti alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, Maramba, kwenye kambi ya wakata mkonge. Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Castory Haule, aliyetoka Songea kutafuta kazi, na Mama Leticia.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, kisha sekondari Tanga mjini, 1994 hadi 1997. Siku moja alimuuliza mwalimu wa baiolojia, “Kidonge cha kichwa kinajuaje kichwa kilipo?” Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu akajibu, “Hakijui. Damu inakizungusha mwili mzima, kinashika pale panapokipokea.” Laurenti alisimulia jibu hilo nyumbani kama mtu aliyeokota almasi!

Mwaka 2002 alihitimu stashahada ya famasia, na Septemba 2003 akaanza kazi kwenye dirisha la dawa la kituo cha afya, Maramba.

Mei 2008, Mwalimu Ruthi Yona, mwenyeji wa Amani aliyefundisha hapa, aliugua malaria. Alimaliza dozi mbili za mseto, dawa ya malaria, na mara zote mbili vimelea vikarudi. Akawa hawezi kusimama. Shangazi yake, Bi Lea, aliyekuwa akimuuguza, alikataa dozi ya tatu.

“Vidonge vyenu feki. Kesho nampeleka kwa mganga.”

Laurenti alimfuata nyumbani. “Shikamoo, shangazi. Anakula nini?”

“Marahaba. Uji mweupe. Mgonjwa hapewi mafuta, wewe mtoto wa wapi?”

“Wa hapahapa. Shangazi, dawa hii bila mafuta haivuki utumbo vizuri. Inapita tu, inaishia chooni. Ikipata mafuta inaingia kwenye damu, inawakuta wadudu wenyewe.”

“Kwani wewe mfamasia au mpishi?”

“Leo vyote. Mbuzi ya nazi iko wapi?”

Akakuna nazi, akakamua tui, akalichanganya kwenye uji, na Ruthi akameza vidonge mbele yake. Kwa siku tatu, asubuhi na jioni, Laurenti hakukosa. Siku ya saba kipimo hakikuonyesha kimelea hata kimoja! Bi Lea alitangaza habari hiyo sokoni kuliko redio, na tangu hapo hakuna aliyepewa mseto dirishani bila kuulizwa amekula nini.

Tarehe 17 Julai 2010, Laurenti na Ruthi walifunga ndoa. Bi Lea alidai mahari yapungue, kwa sababu bwana harusi alikwisha kupika.

Mwaka 2023 figo za Laurenti zilianza kushindwa. Hata kitandani aliwaeleza wanawe kwa furaha, “Ini linavunja dawa, figo zinaitoa. Zangu zimechoka, dawa inakawia mwilini, ndiyo maana daktari amenipunguzia dozi. Mmeelewa?” Aliwataka warudie, na walirudia. Alifariki tarehe 2 Juni 2025, saa nne asubuhi, Tanga.

Ameacha mama, wadogo wawili, na watoto wawili, Blessing na Ernesti. Ameacha pia mjane, Ruthi, ambaye leo amesimama hapa kwa miguu yake mwenyewe.

Laurenti, Mungu akupe pumziko na amani.