Mama Hodi na Jumatano Tatu za Mwezi wa Tisa

Ndugu, jamaa na majirani, mliokuja kwa miguu na mliokuja kwa magari, tunawashukuru. Mdogo wa marehemu, yule fundi cherehani, ndiye aliyepewa kazi ya kuandika na kusoma karatasi hii, na anaomba radhi pale sauti itakapokwama. Mengine aliyasikia kwa dada yake mwenyewe, mengine aliyashuhudia.

Marehemu, ambaye karibu wote hapa mlimjua kwa jina la Mama Hodi, alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1955, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano. Baba alikuwa fundi wa mabogi na mama alikuwa mkunga wa zahanati. Tangu mdogo alikuwa na tabia moja iliyomsumbua mama yetu: aliitikia alipokuwa hajaitwa. Anaosha vyombo, mara, “Abee!” Sisi wadogo tulicheka hadi mbavu zikauma. Mama hakucheka. Alimwambia, “Mwanangu, usiitikie sauti ya mtu usiyemjua.” Siku moja, akiwa na miaka minane, aliitika “Abee!” akaondoka mbio hadi kwa jirani, bibi mmoja mjane. Akamkuta ameanguka bafuni, mdomo umepinda, ulimi umekuwa mzito kama jiwe. Bibi yule aliishi miaka minne zaidi, lakini hakuweza tena kutamka neno. Mama hakumkataza kuitikia tangu siku hiyo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1962. Alifika kidato cha pili, kisha baba akavunjika mguu kazini, naye akaacha masomo ili wadogo zake waendelee. Alijifunza kupiga chapa jioni kwenye jengo la kanisa, na mwaka 1976 akapata nafasi ya kusomea ustawi wa jamii. Alihitimu mwaka 1978, cheti chake kikiwa cha tatu kwa ubora. Cha kwanza na cha pili, alipenda kusema, walichukua watu waliokuwa na taa ya umeme nyumbani.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Juni 1981 na fundi saa, mtu mpole aliyefanya kazi kwenye kibanda kisichozidi kabati. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye leo ni muuguzi na kijana wa kiume ambaye ni mpima ardhi. Marehemu shemeji yetu alikuwa akitania, “Mimi sikuoa mke, nimeoa ofisi nzima pamoja na foleni yake.” Walikaa pamoja hadi Mungu alipomchukua shemeji mwaka 2009, na hatukuwahi kusikia sauti ikipanda katika nyumba ile.

Kazi yake mnaijua. Kuanzia mwaka 1989 hadi alipostaafu mwaka 2015 alifanya kazi katika Kituo cha Huduma za Familia, Watoto na Vijana, lile jengo lililokuwa posta zamani, ambalo mapokezi yake bado yana dirisha la kuuzia stempu. Hapo alipokea wazazi walioshindwana, vijana waliokosa pa kujifunzia kazi, mabibi waliobaki na wajukuu. Palikuwa na chumba cha watoto chenye magodoro ya sponji, na cha vijana chenye meza ya tenisi isiyo na wavu. Lakini yeye hakupenda kungoja watu waje. Alivaa viatu vyake vya mpira, akachukua mwavuli, akaenda nyumba kwa nyumba. Akifika alibisha, “Hodi, hodi wenyewe! Sijaja kukagua, nimekuja kukaa.” Na kweli alikaa. Alimenya viazi vya watu huku akiuliza mtoto analala saa ngapi. Ndipo likazaliwa jina hilo.

Sasa lipo jambo ambalo familia ilijadiliana kama lisomwe au lisisomwe. Binti yake ndiye aliyesema lisomwe, kwa kuwa mama yake hakuwahi kulificha, hata alipochekwa.

Jumatano tarehe 4 Septemba 1996, saa tano asubuhi, Mama Hodi alikuwa peke yake katika chumba cha watoto, anakunja magodoro. Aliposimama akaona mtoto wa kike mlangoni, wa miaka kama saba, miguu mitupu, amevaa sweta la zambarau lililofumuka mkono wa kushoto.

“Mama, kwetu hamji?” mtoto akauliza.

“Kwenu wapi, mwanangu?”

“Nyuma ya kinu cha kusaga. Mlango wa kijani.”

Akageuka kuchukua kalamu aandike. Aliporudisha uso, mlango ulikuwa mtupu. Akatoka hadi getini. Mlinzi, mzee asiyejua kudanganya hata kwa mzaha, akamwambia, “Hapa hajapita mtoto, Mama Hodi. Nimekaa tangu saa mbili, hata paka hajapita.”

Kesho yake akaenda. Nyumba ya mlango wa kijani ilikuwepo. Mwenye nyumba, mama mmoja nadhifu, akamkaribisha vizuri, akamletea chai, akamwonyesha watoto wawili wa kiume walionona, wameogeshwa, wamepakwa mafuta. “Watoto wangu ni hawa tu,” akasema. Alimimina chai hadi ikafurika kwenye kisosi, lakini Mama Hodi alidhani ni haya ya mgeni. Faili la mtaa nalo lilisema wawili. Akarudi ofisini na aibu yake.

Jumatano iliyofuata, tarehe 11, saa ileile, mtoto akawa amesimama ndani kabisa, karibu na dirisha. Safari hii Mama Hodi hakugeuka. Alirudi kinyumenyume hadi kwenye mtungi, akachota kikombe cha maji bila kumwondolea macho, akachuchumaa na kumpa. Mtoto akakishika kwa mikono miwili. Hakunywa. Akasema taratibu, kama anayeomba msamaha, “Maji siyafikii.”

“Si hayo mkononi, mwanangu? Kunywa.”

“Siyafikii.”

Hapo karani wa mapokezi akapita mlangoni na mafaili. “Dada, unaongea na nani?”

Karani yule anatuambia mpaka leo kwamba alichokiona ni Mama Hodi amechuchumaa, mkono umenyooka, kikombe kimejaa pomoni, na mbele yake ukuta. Lakini anasema pia kwamba chumba kilikuwa kimepoa, nje jua likiwaka, na kwamba alirudi mezani kwake akavaa kitenge mabegani bila kujua kwa nini.

Mama Hodi alimwendea mkuu wa kituo wa wakati ule. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza hadi mwisho, akasema, “Siwezi kukurudisha kwenye nyumba ya watu kwa habari ya mtoto asiyeandikwa popote. Chukua likizo, dada yangu. Umechoka.” Wiki ile alikula kidogo na kusema kidogo. Mdogo wake alimpelekea gauni la kujaribu, akamkuta amekaa na viatu miguuni, anatazama mlango.

Likizo hakuichukua, na tarehe 18, Jumatano ya tatu, mtoto hakuonekana chumbani. Saa tano ilipogonga ilisikika sauti tu nje ya dirisha, nyembamba kama uzi: “Hodi.”

“Abee!” akaitika, akatoka jinsi alivyo, bila mwavuli. Hakumuaga mkuu. Alipita kituo cha polisi, akamkuta askari wa kike aliyemsaidia mara nyingi, akamwambia, “Twende. Nikiwa mwendawazimu utanirudisha mwenyewe.”

Mama wa mlango wa kijani alifungua, akaona sare, akashika mwimo wa mlango. “Nimeshasema watoto ni wawili.”

“Umesema, mama,” akajibu Mama Hodi. “Nimekuja kukaa tu.” Akaketi kwenye mkeka. Hakuuliza chochote. Yule mdogo kati ya wale wavulana wawili, wa miaka minne, akamsogelea, akamwegemea goti kama watoto wote walivyofanya kwake. Akacheza na vifungo vya blauzi yake. Kisha akasema, bila kunong’ona wala kupaza:

“Leo dada amenyamaza.”

Askari akasimama. Mama mwenye nyumba akakaa chini palepale na kuanza kulia.

Nyuma ya jiko palikuwa na kabati la vyombo lililoegeshwa ukutani. Nyuma ya kabati, mlango. Nyuma ya mlango, stoo isiyo na dirisha, na mtoto wa kike wa miaka saba amelala juu ya gunia, amevaa sweta la zambarau lililofumuka mkono wa kushoto, midomo imepasuka. Jagi la maji lilikuwa juu ya rafu, limewekwa na mtu aliyesahau kwamba mtoto alikuwa hawezi tena kusimama.

Daktari alisema wangechelewa siku moja zaidi wasingemkuta hai. Alisema pia, kwa kuyatazama magoti yale, kwamba mtoto alikuwa hajatembea kwa miezi.

Alipopata nguvu, Mama Hodi alikaa kando ya kitanda chake akamuuliza, “Ofisini kwetu ulipajuaje, mwanangu?”

Mtoto akamtazama. “Wewe nani?”

Alipoambiwa, alifikiri sana. Akasema kwamba kupitia ukuta wa stoo alikuwa akisikia wanawake wakingoja zamu kinuni, wakizungumza juu ya Mama Hodi anayekwenda nyumba za watu. “Nilikuwa nakuita moyoni tu,” akasema. “Ulikuwa unanisikia?”

Alikuwa yatima, mtoto wa shemeji yake yule mama, na alikuwa na kifafa. Kila alipoanguka majirani walikimbiza watoto wao, na yule mama, kwa woga na aibu, akaanza kumfungia siku za wageni, kisha siku zote. Mficha maradhi kilio humfichua. Sheria ilichukua mkondo wake. Lakini Mama Hodi alimtembelea yule mama hata kule alikofungwa, na alipokaripiwa na dada zake alijibu, “Kama ningebisha mlango ule mwaka mmoja kabla, ningemenya viazi na kumweleza habari za dawa. Hakuna aliyebisha.” Mtoto alikwenda kulelewa na bibi yake, akatibiwa, akasoma, na leo ni mama wa watu. Ameomba asitajwe, nasi tunamheshimu.

Shemeji yetu alipohadithiwa, aliweka chini saa aliyokuwa akiitengeneza. “Mke wangu,” akasema, “mimi nikifungua saa nisione kinachoiendesha, na bado inatembea, naifunga nairudisha kwa mwenyewe.” Hayo ndiyo maelezo pekee yaliyowahi kutolewa katika nyumba yao.

Kuanzia mwezi uliofuata kituo kilikuwa na kikundi cha wazazi wenye watoto wa kifafa na wenye ulemavu, kila Jumatano saa tano. Kipo hadi leo. Wengi wenu hapa mlipitia kikundi hicho. Mdogo wake alimuuliza mara moja kama aliogopa. Akasema, “Yule aliyekuja hakunitisha. Wanaonikosesha usingizi ni wale wasioijua njia.”

Mwaka 2022 madaktari walisema moyo wake umepanuka. Miguu ilivimba, ngazi zikamshinda, na kwa miezi kumi na minne ya mwisho hakuvuka kizingiti cha nyumba yake. Alikuwa mgonjwa mkaidi. Alificha vidonge kwenye chungu cha maua, na maua yakastawi, akasema dawa inafanya kazi. Binti yake alihamia kumtunza. Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa nne na robo asubuhi, binti alikuwa akimchana nywele sebuleni, wanabishana kama kesho kutanyesha. Marehemu akasema, “Haya, wewe ndiye mshindi,” akainamisha kichwa. Alikuwa na miaka sitini na tisa, miezi kumi na siku ishirini na tatu.

Katika mfuko wake wa dawa tulikuta karatasi ya daftari, mwandiko wake, tarehe 19 Januari mwaka huu. Aliandika nyumba tano, kwa alama zake na sababu za kwenda. Hatujui nani alimpa habari hizo. Wageni wake tuliwajua wote. Tuliipeleka kituoni. Karani yule wa mapokezi, ambaye sasa ndiye mkuu wa kituo, alitoka mwenyewe Ijumaa. Nyumba ya kwanza alimkuta mama wa pacha ambaye alikuwa hajalala siku nne. Ya pili, kijana aliyejifungia chumbani tangu aache shule. Ya tatu na ya nne nazo zilikuwa kama zilivyoandikwa, na kila mahali aliulizwa, “Nani kakutuma?” Akajibu ukweli.

Ya tano iliandikwa hivi: “Nyumba ya kona, mkabala na tangi la maji. Mtoto wa kike, hasikii vizuri. Mwendeeni mapema.” Mkuu wa kituo alifika jana asubuhi. Kwenye kona ile hakuna nyumba. Kuna vigingi vya mbao, kamba zilizovutwa, na vibarua wawili wanaochimba msingi. Mwenye kiwanja ni kijana, alikuwepo. Alisema anatarajia kuoa mwishoni mwa mwaka.

Mkuu alirudi ofisini, akafungua faili jipya, akaandika mahali pa nyumba, akaacha nafasi ya jina. Faili lipo kabatini.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watano, ndugu watatu, wakwe, na idadi ya watu wanaomwita mama ambayo familia haikuweza kuikusanya. Tunamkabidhi kwa Mola aliyemtuma. Alale salama dada yetu. Milango iliyobaki tutaibisha sisi.