Dawa ya Panya

Nyie, simu nilikuwa nayo mkononi lakini masikio yote yalikuwa kiti cha mbele cha basi. Mzee mwenye boksi la dawa ya panya alimuuliza dada aliyekaa naye anafanya kazi gani.

"Niko maabara, baba. Tunatafuta dawa ya panya."

"Kumbe sisi wamoja. Yenu inaua kwa siku ngapi?"

"Haiui. Tunawapandikiza kansa, halafu tunawatibu."

Mzee akalikumbatia boksi lake. "Binti, utanilaza njaa."

"Kuna mmoja uvimbe umeanza kusinyaa. Leo naenda kuupima."

Mzee akamgeukia. "Mama watoto anao huohuo, kwenye titi. Zamu ya watu lini?"

"Bado sana, baba."

Basi likasimama. Mzee akainuka.

"Huyo panya mfungie vizuri," akasema, "asije akakutana na dawa yangu."