Hatua Kumi na Mbili za Mzee Cirimwami

Nyinyi mmepotea. Mlihamia mitaa ya ng'ambo, Mutanga Nord na Ngagara, na sasa mnavuka daraja la mto Ntahangwa vioo vya gari vimepandishwa, kana kwamba hamkuzaliwa Buyenzi, kana kwamba si sisi tuliowafulia nepi. Ni lini mara ya mwisho mlikanyaga huku Jumamosi asubuhi? Haya, someni kwa aibu: Mzee Cirimwami, zamu, yaani mlinzi, wa mto wetu, amestaafu Jumamosi tarehe 28 Juni 2025, baada ya miaka kumi na tisa ya kazi. Alikuwepo kila mtu, na nyinyi hamkuwepo.

Anayeshika kalamu ni Dalia, mjukuu wangu. Nimemkataza kupamba.

Cirimwami alitoka Bukavu akiwa fundi wa injini, mwembamba, makelele mengi. Alipata kazi katika gereji moja ya avenyu yetu. Gari likiingia, alikuwa anafunga macho, anasikiliza, halafu anamwambia mwenye gari ugonjwa wake kabla hajafungua boneti. Fundi kweli. Lakini jioni, kazi ikiisha, alibeba bido, dumu lile, la vidanje, yale mafuta meusi yanayotolewa kwenye injini, akaenda kuyamwaga mtoni. Simsingizii, yeye mwenyewe anasimulia. Mafundi wote walifanya hivyo. Siku moja nilimfuata gerejini na kitenge changu nilichokuwa nafua huko mtoni, kimekuwa cheusi nusu nzima, na nikamwambia maneno ambayo Dalia amekataa kuyaandika.

Kilichombadilisha si maneno yangu. Ni ile mvua iliyobomoa ukingo na kuondoka na mahali pa kutawadhia pa chuo, pale watoto wetu wanaposoma Qur'ani. Palizama pote, na ndoo zake. Ilikuwa Alhamisi, watoto hawasomi. Alhamdulillah haikuwa Jumatano.

Kesho yake Cirimwami alikuja, rozari inaning'inia kwenye mfuko wa ovaroli. Aliweka mgongo kwenye ukuta wa chuo, akatembea kuelekea mtoni akihesabu kwa sauti. Hatua kumi na mbili, akafika ukingoni. Akarudi, akahesabu tena. Kumi na mbili. Akamuuliza mwalimu Nawaf wa chuo zamani zilikuwa ngapi. Mwalimu akamjibu, "Zamani? Watoto walikuwa wanacheza mupira hapo."

Jioni ile alirudi na bido lake limejaa, hakumwaga. Wiki iliyofuata akaja kwenye kamati yetu, sisi kina mama wa avenyu tuliokuwa tunatafuta zamu wa kulinda ukingo, mtu asiyeona aibu kupiga kelele. Hatukutafuta zaidi.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kila Ijumaa baada ya alasiri alizunguka gereji zote na mkokoteni, akikusanya vidanje kwenye mapipa. Wanaopaka mbao zisiliwe na mchwa waliyachukua, mto haukuyaona tena. Kila Jumamosi, kwenye kazi za pamoja, alituongoza kupanda mianzi na mabingobingo, yale majani marefu yanayoshika udongo, ukingoni na kujaza mawe kwenye vile vikapu vikubwa vya waya. Na kila Jumamosi, kabla hatujashika jembe, alipima: ukuta mpaka ukingo, kumi na mbili. Ndipo tulipopumua.

Halafu aliweka sheria ya neno. Mnajua sisi wa Buyenzi tulivyokuwa tunauita Ntahangwa. Mtaro. "Tupa mutaroni." "Mwaga mutaroni." Cirimwami alisema ukishauita mtaro, mkono umeshainua takataka. Kuanzia hapo, anayetamka neno hilo anabeba karai moja la mawe mpaka ukingoni, awe imamu, awe mlevi. Chabani muuza vipuri alibeba manne kwa asubuhi moja. La kwanza alijisahau. La pili alisema, "Mzee, lakini si mutaro tu?" La tatu, "Nimesema mutaro, mi?" La nne alipokuwa anatuelezea sisi wengine kwa nini amebeba matatu. Tulicheka mpaka mmoja wetu akakaa kwenye tope.

Na mwaka wa mbuzi! Tulikuwa tumemaliza kupanda mabingobingo ukingo mzima, yameanza kushika. Ikaja Idi ya kuchinja. Waislamu wenzangu walinunua mbuzi mapema, wakatafuta mahali pa kuwafunga penye majani mazuri. Mnajua wapi. Kwa siku mbili mbuzi walikula kazi ya miezi mitatu. Mimi nilijua mzee atalia au atapiga mtu. Apana. Alingoja mpaka siku ya Idi yenyewe, akavaa koti, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mlangoni alisema neno moja tu: "Idi njema, nimekuja kuangalia mabingobingo yangu." Utamfukuzaje? Alikula kwenye nyumba tisa. Kwangu alikula mara mbili. Jumamosi iliyofuata nyumba zote tisa zilishuka ukingoni na majembe, na tangu hapo mbuzi wa Buyenzi wanafungwa upande wa barabara.

Sasa niwaambie siku yenyewe ya kuagana, maana hiyo ndiyo mliyoikosa. Palikuwa na chai, palikuwa na sambusa zangu, na mwalimu Nawaf aliandaa dua. Mzee alitaka kupima mara ya mwisho. Akapima: kumi na mbili. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimeangalia miguu yake. Nikamwambia mbele ya watu wote, "We Cirimwami, umezeeka. Hatua zako zimefupika. Ungepima na miguu ya mwaka ule, ungefika kumi na mbili?"

Tukamwita Léocadie, anayechukua kazi yake, mama wa watoto wawili mwenye miguu mirefu. Akaweka mgongo ukutani, akatembea. Moja, mbili, mpaka kumi na moja, na ncha ya kiatu ikaning'inia hewani.

Wengine wakasema ni urefu wa Léocadie. Wengine wakasema ni mimi mwenye mdomo mbaya. Mimi nikasema huenda mto umekula ukingo, tushike kumi na moja, kwa sababu tukishika kumi na mbili tutalala, na ukutani hapo wanasoma watoto themanini. Mzee mwenyewe alikwenda ukingoni, akaangalia chini. Halafu akapiga kelele kwa uchungu wote: "Huu mutaro umeniibia hatua!"

Buyenzi nzima ilisikia. Chabani ndiye aliyemletea karai. Alikuwa amelingoja kwa miaka. Na Mzee Cirimwami, na koti lake la sherehe, alijaza mawe, akalibeba mpaka ukingoni, watu wakimwimbia kama bwana harusi. Alipolimwaga kwenye kikapu, alirudi kuchukua la pili, hakuna aliyemwambia. Halafu Chabani akachukua lake. Halafu mwalimu Nawaf akakunja kanzu. Chai ilipoa yote, na kikapu kilijaa kabla ya adhuhuri.

Mzee, umetuokolea chuo, umetuokolea vitenge, umetufundisha kuuita mto kwa jina lake. Kamati yote inakushukuru. Pumzika, ukae na wajukuu, Mungu akupe afya na magoti yasiyouma, na siku ya Idi mlango wangu unaujua.

Na nyinyi mliopotea: mkija, msianze kwangu kwenye chai. Mpite kwanza chuoni, mweke mgongo kwenye ukuta, mtembee mpaka ukingoni mkihesabu kwa sauti. Zikiwa kumi na moja, karibuni, sambusa zipo. Zikipungua, makarai yapo nyuma ya ukuta, mkono wa kushoto. Nitawakuta huko.

Bibi Khadidja, kwa niaba ya kamati