Saa ya Kufika Haitajwi

Basi la uwanja wa ndege lilipoanza kutoka Ulaanbaatar, Bibi Dulmaa alikuwa amekumbatia viatu vidogo vya sufu. Kwa miaka minne hakuwa amemwona binti yake aliyehamia Seoul, na mjukuu alizaliwa huko huko. Kijana aliyeketi naye, Ganzorig, alikuwa amempisha dirishani, kisha akaupakata mfuko mzito wa bibi wenye jibini kavu bila kuombwa. Ulimi tu ndio uliomponza.

"Bibi, Seoul ni karibu! Kilomita kama elfu mbili, saa tatu angani. Utafika saa..."

"Wee! Koma hapo hapo!" Bibi alimziba mdomo kwa kiganja. "Umezaliwa Mongolia au uliokotwa? Msafiri hatajiwi saa ya kufika. Unataka tukwame?"

Abiria wakaangua kicheko.

"Lakini bibi, imeandikwa kwenye tiketi!"

"Tiketi haina mdomo. Miaka minne nimengoja, mwanangu, usije ukaniharibia leo."

"Na rubani je? Yeye hutangaza kwa kipaza sauti."

"Nitaziba masikio."

Na kwa jinsi alivyoikaza skafu yake, ilionekana hatanii.

Basi likasimama mbele ya uwanja. Simu ya bibi ikalia, na sauti nyembamba ya mtoto ikaita: "Bibi! Utafika saa ngapi?"

Ganzorig akamtazama, akitabasamu hadi masikioni. Machozi yakamlengalenga bibi.

"Mwambie mama yako ateleke chai, kipenzi changu."